Mkono wa Shamimu

Jumatatu, 1 Juni 2026

Wamekubali! Nikolausi, afisa utamaduni wetu, kaja mwenyewe dukani asubuhi, jasho linamtoka na baridi yote hii ya Katesh. Kundi langu litacheza na Wahindi wenyewe kwenye tamasha la mji, Jumamosi ya tarehe 13. Siyo kuwatangulia wala kuwafuata. Pamoja nao, jukwaa moja!

Kikundi chao kazi yake ni kuzunguka matamasha ya nje ya nchi na sanaa za sinema ya Kihindi: uchoraji wa mabango, muziki, kucheza. Mwaka huu nje ya nchi ni sisi. Nimecheka peke yangu nyuma ya rundo la viti vya kukodisha. Maisha yangu yote ng'ambo ilikuwa ya watu wengine. Leo Katesh ndiyo ng'ambo!

Sikushangaa sana, niseme ukweli. Nani mwingine angepewa? Kutoka Basotu mpaka Endasak hakuna send-off ya maana ambayo bibi harusi hakuingizwa ukumbini na mabinti zangu kwa mwendo wa Kihindi. Kupamba napamba, nguo nakodisha, lakini watu wanafuata ule mwendo. Goti langu limestaafu kucheza. Jicho bado liko kazini.

Nimempigia Shamimu kwanza, kwa sababu ndiye nyota yangu. Kapiga kelele mpaka nikasikia mama mkwe wake akiuliza kama kuna msiba.

Baltazar kasema hongera mke wangu. Halafu kauliza chakula kiko wapi. Mwanaume huyu!

Alhamisi, 4 Juni

Mazoezi ukumbini, saa kumi. Efrazia kachelewa, anatoka Dirma na wako kwenye mavuno, kaja na makapi ya mahindi kichwani kama bibi harusi wa shambani. Nimemsamehe. Ni mgeni kundini, bado ananiogopa.

Tutacheza ule wimbo wa maua. Jina lake hasa hatulijui, Kihindi chetu ni cha mikono tu. Mabinti wanaingia na sahani za maua, wanazunguka, wanapiga njuga, mwishoni wanashuka kwa wageni na kila mmoja anampa mzee ua. Niliupata kwa yule kijana wa stendi anayeingiza nyimbo kwenye simu za watu. Nimeutazama mpaka kioo cha simu kikapasuka, nikaendelea kuutazama hivyohivyo.

Efrazia kauliza mbona Wahindi wanampa mzee ua kwa mkono wa kushoto. Huku kwetu ukimpa mtu kitu kwa kushoto umemtukana. Nikamjibu kila kabila na mila zake, mwanangu, tukicheza Kihindi tunafuata adabu za Kihindi. Akachukua sahani yake. Hata mimi mwanzoni lilinisumbua, lakini sikuja duniani kuwarekebisha Wahindi.

Shamimu leo — sijui niseme nini. Akiinua ule mkono wa kushoto na bangili zikashuka mpaka kwenye kiwiko, mlinzi wa ukumbi anasahau geti. Wengine wanakumbuka hatua. Yeye hakumbuki kitu, anacheza tu.

Jumamosi, 6 Juni

Wamefika. Watatu tu! Mji mzima ulitegemea basi zima.

Kiongozi ni Bi Vasanti, mwalimu wa kucheza. Mfupi, nywele zina mvi, kanizidi umri na magoti yake ni ya msichana. Nimemwonea wivu palepale. Nikolausi alimfundisha kusema shikamoo, basi anamwamkia kila mtu, hata mtoto wa Efrazia wa miaka minne. Mtoto kaitika marahaba bila aibu!

Mpiga ngoma ni kijana, ana ngoma mbili ndogo anazipiga kwa vidole kama mtu anayechambua mchele kwa haraka. Na yupo mchoraji, Mzee Gopal. Huyu ndiye amenigusa. Alikuwa anachora mabango ya sinema kwa brashi, yale marefu kama nyumba. Sasa kwao yanachapwa kwa mashine. Anasema siku hizi kazi yake inapendwa zaidi huko anakosafiri kuliko mtaani kwake. Nikolausi alivyotafsiri hayo alipunguza sauti.

Kaanza kuchora ubao mkubwa wa jukwaa hapo uwanjani. Mlima Hanang, lakini wa rangi ya waridi. Watu wakalalamika, mlima wetu haujawahi kuwa hivyo. Mbele ya mlima uso wa mwanamke, macho makubwa. Kila mwanaume anayepita anasema amefanana na mke wake. Baltazar kapita, katazama, kasema ubao ni mzuri.

Jumatatu tunacheza mbele yao. Nimewaambia mabinti walale mapema. Mimi sina wasiwasi. Nitakuwa nao wa nini?

Jumatatu, 8 Juni

Niandike polepole, nisiruke kitu.

Tulicheza. Tulicheza vizuri, naapa. Bi Vasanti alianza kwa tabasamu. Tulipofika katikati tabasamu likabaki lakini macho yakaondoka. Mwishoni Shamimu akashuka, akapiga goti, akampa ua. Kwa kushoto, kama siku zote. Yule mama akarudisha mikono yake kifuani. Hakulipokea!

Akaomba simu yangu, akautazama wimbo. Akamwita Mzee Gopal. Mzee akasogeza simu karibu na pua, akaonyesha kidole ukutani nyuma ya wachezaji. Kuna bango pale lenye maandishi yao. Miaka yote mimi naliona ni pambo. Mzee akasema maandishi yale yamegeuzwa, yanasomeka nyuma mbele, kama unayasoma kwenye kioo.

Nikolausi katafsiri mara mbili kwa sababu nilikataa kuelewa. Ni hivi. Wezi wa filamu wanaigeuza picha, kulia iwe kushoto, ili wenye mali wasiitambue. Kijana wa stendi aliipata hivyo, nami nikaipata kwake. Miaka sita nimefundisha wimbo uliogeuzwa. Kila hatua. Kila mzunguko. Na kwao nako, kumpa mzee kitu kwa kushoto ni matusi.

Yaani adabu yao na yetu ni moja! Efrazia aliiona siku ya kwanza. Tungewadhania Wahindi kuwa watu kama sisi, tungejua kuna kasoro. Tukaona bora tuwadhanie hawana adabu.

Tulipojaribu kucheza pamoja nao tukagongana. Bi Vasanti anaenda kulia, mabinti zangu wanamjia usoni. Sahani moja imevunjika.

Nimewaambia mabinti: kesho tunaugeuza. Basi. Aliyejua kuvaa gauni atajua kuligeuza.

Jumanne, 9 Juni

Tumeugeuza! Siyo kwa uzuri, lakini inaenda. Bi Vasanti mwenyewe kasimama mbele, mwalimu hodari, hasemi sana, anakugusa bega tu. Efrazia anaongoza kwa kuelewa, sababu hajapata muda wa kuzoea makosa yangu. Wengine wanacheka, wanakosea, wanarudia.

Shamimu peke yake hawezi.

Sikuamini. Nyota yangu! Mkono wa kulia unapanda kama unabeba debe la maji. Akigeuka anagonga wenzake. Nikamkaripia, na wageni wanaona: unanifanyia makusudi? Akanitazama. Kamaliza mazoezi, kavua njuga, kaondoka bila kuaga.

Nimekasirika mpaka sasa. Na tamasha Jumamosi!

Jumatano, 10 Juni

Hakuja. Kamtuma mtu alirudishe gauni, limefuliwa, limepigwa pasi, limekunjwa vizuri kuliko nilivyompa. Gauni likirudishwa hivyo ujue mtu hana mpango wa kurudi.

Nikaenda dukani kwao. Ni duka la mumewe Hasani, lakini mwenye duka hasa ni mama mkwe, Bi Sauda. Mama mwenye heshima zake, hapigi kelele, hahitaji kupiga. Tumeamkiana, kanikaribisha kwenye stuli, kanipa chai ya tangawizi. Shamimu yuko kwenye mizani anapima sukari. Mkono wa kulia. Anampa mteja, mkono wa kulia. Anarudisha chenji, wa kulia. Nikasema mbele yao wote, wala sikuzunguka: huyu ndiye aliyeshindwa mkono wa kulia jana? Mbona hapa anautumia?

Bi Sauda akaweka kikombe chini. Akasema, "Anautumia kwa sababu nilimfundisha, mama Eva. Alipoolewa hapa mkono huo ulikuwa pambo. Yeye ni wa kushoto toka azaliwe. Sasa dukani, mteja unampa sukari kwa kushoto, atarudi? Nilimwambia kwa upole. Mpaka akazoea."

Mimi! Miaka sita, jicho langu kali, sikuona. Kwangu kila mtu alikuwa wa kushoto, ningemwonaje?

Shamimu akanisindikiza mpaka barabarani. Nikamuuliza kwa nini hukuniambia. Akasema, "Ningekuambia nini, mama Eva? Shuleni mwalimu alinifunga huu mkono kwa kitambaa. Nyumbani nilikula peke yangu mpaka nilipojua kutumia ule mwingine. Nikaja kwako, ukawa unasimama pale mbele unapiga makofi: kushoto! kushoto! kushoto, Shamimu! Hakuna mtu mwingine duniani aliyewahi kunipigia kelele nitumie kushoto."

Halafu akacheka, na machozi yanatoka. Nami nikalia, barabarani, mchana kweupe, watu wanapita wananiamkia.

Nikamwambia kesho saa kumi. Usipokuja nitakufuata na mkokoteni.

Alhamisi, 11 Juni

Kaja!

Usiku nilishaamua. Kabla mtu hajavaa njuga nikamwambia Bi Vasanti, kupitia Nikolausi, kwamba sisi tunarudi kwenye kushoto kwetu. Nyinyi mcheze kulia kwenu. Tusimame tukitazamana, Shamimu mbele yako wewe. Wewe ukiinua wa kulia, yeye anainua wa kushoto. Ajitazamaye kwenye kioo hagongani na mtu.

Nikolausi akasema mama Eva, wageni hawa wamesafiri mbali, hatuwezi kuwaambia watugeukie. Nikamwambia tafsiri, baba, kazi yako leo ni kutafsiri.

Bi Vasanti akafikiri. Akasimama mbele ya Shamimu, karibu kabisa, akainua mkono taratibu. Shamimu akainua wake. Kidole kwa kidole. Wakaanza kuzunguka. Kijana wa ngoma akaingia mwenyewe bila kuambiwa.

Ee Mungu wangu. Sijawahi kuona kitu kile. Wawili, mmoja na mvi na mmoja wa duka la sukari, na huwezi kusema nani anamfuata nani. Efrazia alikuwa anashika mdomo. Mzee Gopal aliacha brashi zake akaja kusimama mlangoni, na rangi ya waridi kwenye ndevu.

Walipomaliza Bi Vasanti akamkumbatia. Kisha akasema neno moja, akalirudia. Ua. Ua litolewe kwa mkono wa kulia. Kucheza ni kucheza, lakini kumpa mzee ua siyo kucheza tena, ni kumpa. Kwao na kwetu. Hapo hawezi kutulegezea.

Nikakubali. Ni kweli, hata mimi nisingelipokea la kushoto. Wengine wakajaribu, rahisi tu. Shamimu akajaribu. Alipohamisha ua kutoka kushoto kwenda kulia ni kama mtu kazima taa. Akawa mwanamke anayempa mteja sukari. Hakuna kosa, adabu yote iko pale. Lakini yule aliyekuwa anacheza hakuwepo.

Yeye mwenyewe kaona. Kasema haidhuru, mama Eva, ni mwishoni tu.

Mimi inanidhuru.

Ijumaa, 12 Juni

Shughuli nyingi. Nimefunga vitambaa jukwaani, vya njano na waridi, vinaendana na ule mlima wa mzee ambao sasa kila mtu anaupenda na anadai alisema toka mwanzo. Nguo ziko tayari. Njuga zimehesabiwa, zimepotea, zimepatikana kwenye begi la Efrazia.

Wazee wa mstari wa mbele wamepangwa. Nikolausi kanionyesha. Padre, shehe, wazee wetu watatu wa Kiiraqw, mama mmoja mstaafu kutoka Haydom. Na upande wa kushoto wa jukwaa, pale pale anaposhukia Shamimu — Bi Sauda. Nikamuuliza nani kamweka hapo. Akasema yeye mwenyewe kapaomba. Anataka kumwona mkwe wake vizuri.

Nimefikiri kumbadilishia Shamimu upande. Halafu nikafikiri, nimwambieje Bi Vasanti, kwamba kioo kihame?

Nimemuuliza Baltazar angefanya nini. Kasema yeye ni mtu wa ng'ombe. Baadaye sana, nimeshadhani kalala, kasema: ng'ombe anayekamuliwa upande wa kushoto toka mwanzo, ukienda upande wa kulia anakunyima maziwa, na huwezi kumlaumu. Kageukia ukuta. Mume wangu bwana, akisema mara moja kwa mwaka anasema.

Sisemi nina hofu. Tumejiandaa. Hakuna kundi Manyara nzima lililojiandaa kama sisi.

Jumamosi, 13 Juni

Naandika nyuma ya pazia, juu ya spika, nje ngoma inalia. Nisipoandika nitaenda kucheza na goti hili.

Watu! Wamejaa mpaka kwenye paa la choo. Wametoka Mbulu, Dongobesh, Tumati kwetu. Asubuhi Mzee Gopal alichora uso wa yeyote aliyetaka kuchorwa, foleni ilifika barabarani. Kijana wa ngoma kafundisha watoto midundo, sasa wanapiga kila bati. Nikolausi kavaa suti. Hotuba zimekuwa ndefu, nikamtumia ujumbe kwamba Wahindi watazeeka hapa.

Kabla hawajaingia niliwapanga. Nikawafunga njuga mmoja mmoja kama watoto wa shule. Shamimu wa mwisho. Gauni la kijani, macho yamepakwa wanja na Bi Vasanti kwa mkono wake mwenyewe. Alikuwa anatazama kwenye tundu la pazia. Ameshamwona Bi Sauda.

Akaniuliza, "Mama Eva, lile ua. Nitoe kwa mkono gani?"

Jibu nilikuwa nalo. Tulishakubaliana mbele ya wote. Nikafungua mdomo niseme wa kulia.

Nikamwambia, "Wa kwako."

Akanitazama hivi. Muziki ukaita, akaenda.

Wanacheza sasa. Nachungulia, naandika, nachungulia. Kioo kimekubali! Watu kwanza wamedhani kuna kosa, kisha wakaelewa. Makelele! Shamimu na Bi Vasanti kidole kwa kidole. Mmoja wa wale wazee wetu amesimama na fimbo yake anafuata mdundo, wenzake wanamvuta koti akae.

Nimefanya nini mimi? Bi Vasanti aliomba neno moja tu. Na yule binti anarudi kwenye nyumba ile jioni hii, siyo kwangu.

Sasa wanashuka na maua. Efrazia, kulia, kwa padre. Vizuri. Yule wa pili, kulia. Watatu, kulia, shehe amepokea kwa mikono miwili.

Shamimu amefika. Anapiga goti. Sahani iko mkono wa kulia. Ua —

Kushoto. Limepanda na ule mkono wote, bangili zimeshuka mpaka kwenye kiwiko, hautetemeki hata kidogo. Huyu ni yeye mwenyewe, mzima. Bi Vasanti ameona, amesimama palepale. Kijana wa ngoma ameacha kupiga.

Bi Sauda analitazama ua. Hamtazami Shamimu, analitazama ua. Mikono yake yote iko mapajani, juu ya kanga.

Shamimu haushushi mkono.

Bi Sauda anasimama. Naiacha kalamu, natoka.